Wembe Uliopikwa

Siku Wasimba walipokuja kumchukua Lukumani, alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa. Mteja mwenyewe aliruka dirishani na ile nusu iliyobaki, akapotelea kwenye migomba, na mpaka leo hakuna ajuaye nani alimmalizia. Lukumani hakukimbia. Alikuwa na sufuria motoni, na ndani ya sufuria nyembe tatu zilikuwa zinachemka. Mikono yake ilikataa kuziacha.

"Ni weye kinyozi ya kupika nyembe?" aliuliza Simba mmoja, kijana mwenye ngozi ya nyani kichwani.

"Ni miye."

"Epua basi. Na zenyewe zinakuja."

Ulikuwa mwaka wa 1964, wa nne tangu uhuru, na Wasimba, waasi waliopigana na serikali ya Kongo, walikuwa wameushika mji wa Butembo kwa siku kumi tu. Lakini jambo la nyembe Butembo nzima ilikuwa ikilijua kwa miaka. Watu walimcheka Lukumani, wakamwita Mupishi. "Mupishi, leo umetia chumvi?" walimuuliza wakipita. Naye alicheka nao, akaendelea kuchemsha. Ujanani alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika zahanati ya machimbo ya dhahabu, akinyoa wagonjwa kabla ya kupasuliwa, na huko alijifunza kwamba wembe uliofutwa kwa kitambaa unang'aa tu, haujawa safi. Hakuwa na saa. Alihesabu kwa tasbihi: maji yakianza kupiga kelele, alizungusha shanga zake tisini na tisa mara tatu, polepole, ndipo akaepua. Na waliomcheka ndio hao hao waliomletea watoto wao wa kiume awatahiri. Walitoka mpaka Kipese na Alimbongo, Waislamu kwa Waprotestanti, wakiwapita mangariba watano njiani, kwa sababu vidonda vya Lukumani vilikauka.

Kwa hiyo alikuwa mtu aliyezoea kuchaguliwa. Hakuwahi tu kuchaguliwa kwa bunduki.

Walimpeleka kwenye ghala la kahawa lililoachwa na mwenyewe, juu kilimani. Komanda wao alikuwa karani zamani. Kalamu bado ilikuwa mfukoni mwake, imechomekwa karibu na bastola.

"Mwalimu, sikia," alimwambia Lukumani, akimwita hivyo kwa sababu ya tasbihi, kwa upole uliomtia baridi. "Kila mupiganaji anachanjwa ku kipaji na ku kifua, tunapakala dawa, risasi inageuka maji. Mais lakini chanjo zinaoza. Vijana wanavimba. Mumoja mudomo yake ilijifunga kama mulango, akakufa mbele ya kuona adui. Nikauliza: mu Butembo yote, nani ana mukono safi? Batu bote bakasema jina moja. Donc, basi, nimekuchagua."

"Komanda, miye ni kinyozi tu."

"Ndiyo. Na kidonda ikioza tena, nitajua ni ya nani."

Kabla ya kuanza kazi ilibidi apite mbele ya Mama Kasonia, mganga wa dawa. Alikuwa mwanamke mzee wa Kinande, mwembamba, ameketi juu ya gunia na kibuyu miguuni. Kila atakayeigusa dawa aliulizwa maswali. Mbele ya Lukumani alisimama Nzanzu, fundi cherehani wa sokoni, aliyeletwa kushona mikanda ya ngozi.

"Umekula yai?"

"Hapana, Mama."

"Mu nyumba yako kuko mwanamuke wa mimba, ao mwenye kuzaa sasa?"

"Bibi yangu amezaa, Mama. Siku ine."

Pakawa na kelele. Vijana waliruka nyuma kana kwamba Nzanzu ameshika moto. Mmoja alimsukuma kwa kitako cha bunduki mpaka nyuma ya ghala, wakatoweka. Kisha mlio mmoja wa risasi. Kisha kimya.

"Wa pili," alisema Mama Kasonia.

Lukumani alisogea.

"Mu nyumba yako kuko mwanamuke wa mimba?"

Kule Beni, mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari, Nasiba mkewe, aliyebaki kwao kujifungulia, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Hapana, Mama," alisema Lukumani. "Hakuna."

Mzee yule alimtazama kwa muda kidogo zaidi kuliko alivyowatazama wengine. Kisha akamwonyesha mahali pa kuwasha moto.

*

Kuna kifungo cha kuta na kuna kifungo cha kazi nzuri. Lukumani alivijua vyote viwili. Ghala lilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni walikaa Wasimba wawili waliovuta bangi asubuhi mpaka jioni. Lakini kilichomfunga zaidi ni kwamba vidonda vilikauka.

Mama Kasonia mwanzoni alikataa moto. Alisema chuma cha moto kinaichoma dawa. Lukumani alifikiri siku nzima, kisha akamwomba majani yake machache, akayatia ndani ya sufuria pamoja na nyembe. Mzee akanusa mvuke, akaguna, akanyamaza. Toka hapo kazi ilikwenda. Wembe mmoja ulichanja, wa pili ulichemka, wa tatu ulingoja juu ya jani la mgomba lililopashwa moto. Vijana walipanga mstari, wengine wakitetemeka, wengine wakitaniana.

"Mupishi, unipe nyama ya paja!"

"Funga mudomo, nisikukate masikio."

Walicheka. Walikuwa vijana wa kucheka. Baada ya juma moja Komanda alipita mstarini akivitazama vipaji vya nyuso, akavikuta vikavu kama mbao, akampiga Lukumani begani. "Nilichagua vizuri," alisema. "Hautaenda popote, Mwalimu. Tukipanda Lubero, unapanda na siye."

Lukumani alimshukuru, maana hapakuwa na jibu jingine, akarudi kwenye sufuria. Alipozungusha shanga alikuwa akihesabu vitu viwili: dakika za maji, na siku za Nasiba.

Walikuwa wamezaa mara moja. Mtoto wa kiume, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Shangazi wa Nasiba, Sikitu, ndiye aliyempokea, kama alivyompokea Nasiba mwenyewe na nusu ya watoto wa Waislamu wa Beni. Siku sita mtoto alinyonya. Siku ya saba, siku ya kumpa jina, mdomo wake ulikataa kufunguka. Nasiba alilia akimkamulia maziwa juu ya midomo, nayo yalitiririka shavuni. Mgongo wake mdogo ulijikunja kama upinde kila alipoguswa. Walimzika kabla ya magharibi. Ndipo Lukumani akamuuliza Shangazi alikata kitovu kwa kitu gani, naye akaonyesha, bila haya wala wasiwasi, kisu chake cha kumenyea ndizi. Alikuwa amekifuta vizuri. Kilikuwa kinang'aa.

Lukumani hakusema neno. Mtu anamwambia nini shangazi wa mkewe aliyeketi analia kwenye mkeka? Lakini mimba ya pili ilipoingia, yeye na Nasiba walikaa wakachagua. Kulikuwa na mkunga mmoja, Mama Rébecca, aliyefunzwa na wamisioni. Huyo alichemsha mikasi yake na kunawa mpaka kwenye viwiko. Lukumani alikwenda mwenyewe kumwona. Aliomba kuona mikasi, akaomba kuona sufuria, akauliza maji yanachemka kwa muda gani. Mama Rébecca alicheka. "Baba, ni weye unazaa?" Lakini alimjibu yote. Na Nasiba alimshika mume wake mkono akasema, "Uniahidi, siku ile utakuwa hapa. Kama Shangazi anafika wa kwanza, miye peke yangu hapana weza kumukatalia."

Aliahidi.

*

Juma la tatu likafika lori la Amisi. Amisi alikuwa kaka yake Nasiba, dereva, na Wasimba walikuwa wamelichukua lori pamoja naye, likibeba maharagwe na watu wao kati ya Beni na Butembo. Alipomwona Lukumani mlangoni mwa ghala na sufuria yake, alijifanya anakagua tairi, akasogea.

"Shemeji, uko muzima!"

"Niko. Nasiba?"

"Tumbo imeshuka. Ni leo ao kesho." Amisi aliipiga tairi teke, kwa ajili ya walinzi. "Mais kuko shida. Mama Rébecca amekimbia mu pori, kule mbele ya Oicha. Wasimba banawatafuta wenye kusoma. Shangazi Sikitu amekwisha kutandika mukeka yake mu chumba ya Nasiba."

Lukumani aliitua sufuria chini.

"Na kisu?"

"Kisu gani?"

Amisi hakujua. Wanaume hawaulizi habari za kisu.

"Shemeji," alisema Lukumani, "wanitoshe hapa, wanitoe, namna gani? Nzanzu walimuua juu ya neno moja tu."

"Nzanzu gani? Fundi?" Amisi aliacha tairi. "Nani amekuambia? Nzanzu iko kwake anashona! Nilimwona jana. Bamemufukuza, ati damu ya uzazi inaharibu dawa. Bakapiga risasi yulu kwa kumutisha, akakimbia mupaka akapoteza kiatu."

Lukumani aliketi juu ya kizingiti. Basi ule ukweli aliouficha ndio uliokuwa mlango. Ungemtoa siku ile ile, kabla hajachanja hata mtu mmoja, na sasa angekuwa Beni amekaa mbele ya chumba cha mkewe. Alikuwa amejifungia mwenyewe, na ufunguo akautupa nje kwa neno moja, *hakuna*.

Na sasa hakuweza kulirudisha. Juma lililopita wapiganaji wanne walikuwa wameuawa upande wa Lubero, na Komanda alikuwa anatafuta nani aliyeivunja dawa. Tayari mpishi mmoja alikuwa amechapwa mpaka akapoteza fahamu kwa sababu ya ganda la yai. Kinyozi aliyewachanja watu mia moja, huku mkewe ana mimba, na akadanganya juu yake, huyo hawangemfukuza.

"Unarudi lini Beni?" aliuliza.

"Saa tisa. Wakimaliza kupakia."

Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi.

*

Alirudi motoni kwa sababu ndiyo kazi mikono yake iliyoijua. Maji yalianza kupiga kelele. Akazungusha shanga. Akafika mwisho, akaanza tena, akafika mwisho, akaanza tena.

"Leo umehesabu mara tano," alisema Mama Kasonia.

Hakumsikia alipokuja. Alikuwa ameketi upande wa pili wa moto akichambua majani, na walinzi walikuwa hatua kumi, wakibishana juu ya sigara.

"Nimesahau hesabu, Mama."

"Weye hapana sahau. Nimekuangalia juma tatu." Alitupa jani sufuriani. "Uniambie kitu moja. Vidonda vyako vinakauka. Vyangu vilikuwa vinaoza. Ni dua yako ya Kiarabu?"

Lukumani angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa salama. Lakini alikuwa amechoka na jibu la salama. Lilikuwa limemfikisha hapa.

"Hapana, Mama. Dua ni ya kuhesabia tu. Ni moto. Ku chuma kuko uchafu wenye jicho hapana ona. Ukifuta, unabaki. Ukipika, unakufa. Ndiyo yote." Kisha maneno yakatoka bila kuitwa. "Mutoto wangu wa kwanza alikatwa kitovu na kisu ya ndizi. Ilikuwa inang'aa, Mama. Siku ya saba mudomo ikajifunga."

Vidole vya mzee viliacha majani.

"Siku ya saba," alisema.

"Ya saba."

"Akajikunja mugongo. Ukimugusa, anakazana."

"Ndiyo."

Mama Kasonia alikisukuma kijinga motoni. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, sauti ya mwanamke wa shambani.

"Kule kwetu Kipese miye napokea batoto. Toka ujana. Nilikata na ubamba wa tete. Unavunja tu ku ukuta wa nyumba, unakata, unatia udongo kidogo kitovu kikauke. Wengine wanakomaa. Wengine siku ya saba..." Alifunga mdomo wake kwa kidole. "Tulisema ni ndege imepita yulu ya nyumba. Nilifukuza ndege, Mwalimu. Miaka makumi ine nilifukuza ndege na mawe."

Maji yalichemka.

"Bibi yako iko mimba," alisema Mama Kasonia.

Hakuwa anauliza.

"Siku ya kwanza nilikuuliza, ukaniambia hakuna."

"Nilidanganya, Mama."

Angeinua sauti kidogo tu, walinzi wale wangesikia. Wote wawili walilijua hilo. Yule mmoja alikuwa amewasha sigara na kumpa mwenzake.

"Hata miye balinichagua," alisema mzee polepole. "Unafikiri nilikuja na miguu yangu? Walisikia kuko mama wa majani Kipese. Miye nilikuwa natibu tumbo ya batoto. Sasa nageuza risasi. Siku moja watajua hazigeuki, na siku ile..." Hakumaliza. Alisogeza gunia lake karibu na moto. "Nionyeshe."

"Nini?"

"Yote. Kama vile miye ni mutoto wa masomo. Haraka."

Lukumani alimwonyesha. Wembe ufunguliwe, usilale umefungwa. Maji yaufunike wote. Usihesabu mpaka yapige kelele. Ukiepua, usiupulize, usiufute, usiuguse makali. Na uzi wa kufungia kitovu nao upikwe. Na mikono, Mama, mikono kwa sabuni mpaka hapa. Na udongo, hapana, hata kidogo.

"Na kuhesabu? Kiarabu yako sijui."

"Hesabu na maneno yoyote. Moto hauna dini."

Basi Mama Kasonia alihesabu. Alitumia majina. Kavira. Muhindo. Kavira mwingine, wa mtoni. Mapacha wa mke wa katekista, ambao hawakupata majina. Aliwataja polepole, mmoja baada ya mwingine, na Lukumani alielewa kwamba ni wale wa siku ya saba. Alifika mwisho wao na maji bado yalidai muda. Mzee alivuta pumzi, akaanza kuwataja walioishi.

Kisha aliepua wembe mmoja, akaufunga ndani ya jani, akauficha kwenye nguo yake kifuani.

Halafu alisimama na kupiga yowe.

"Damu! Damu ya uzazi! Mumutoshe huyu! Mumutoshe!"

Lukumani alimtazama usoni kutafuta alama yoyote, ishara ya jicho, na hakuiona. Kibuyu kilipinduka. Vijana waliruka na bunduki zao, na Komanda akatoka mbio, amekamata kalamu na bastola kwa mkono mmoja.

"Kuko nini?"

"Bibi yake amezaa!" Mama Kasonia alikuwa anatetemeka, na pengine hakuwa anaigiza. "Leo! Leo asubuhi, kule Beni! Dereva ameleta habari, na habari imeleta damu! Naisikia harufu!"

Komanda alimgeukia Amisi, aliyekuwa amesimama karibu na lori akiwa na gunia begani.

"Ni kweli?"

Amisi alitazama uso wa shemeji yake. Alikuwa mtu wa barabara. Alijua kukata kona bila kuonyeshwa.

"Ni kweli, Komanda. Mutoto mwanamuke. Munene."

"Na wale ine wangu waliokufa Lubero?" Sauti ya Komanda ilishuka. "Ni mukono ya huyu?"

"Jana alikuwa safi. Mimba ilikuwa mbali, haikulala naye; ni damu ya uzazi ndiyo inatembea," alisema Mama Kasonia. "Na juma lililopita alikuwa safi. Wale ine waligeuka nyuma. Niliwakataza kugeuka. Weye mwenyewe ulisikia."

"Basi nimupige risasi, tumalize."

"Piga! Damu itarudi yulu ya bunduki yako, na bunduki ya wale wote wanaolala nayo. Anapigwa majivu, anatupwa mbali. Kama Nzanzu."

Komanda alimtazama Lukumani kwa masikitiko ya kweli, kama mtu anayeona chombo chake kizuri kimepasuka.

"Na nani atachanja?"

"Ni miye," alisema Mama Kasonia. "Nimejifunza."

Lukumani alielewa wakati ule mzee yule amejitia wapi. Tangu leo kila kidonda kitakuwa chake. Alitaka kumwambia neno, hata moja, lakini mtu mwenye damu ya uzazi hasemi na mganga. Walimvua shati kwa ncha za mikuki ili wasimguse. Walimmwagia majivu ya jikoni, na maji machafu ya kuoshea sufuria, na mwingine akaongeza matope kwa raha yake. Aliinama kuchukua kopo lake la kazi, ndani mna nyembe mbili zilizobaki na tasbihi. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyetaka kuvigusa.

Alipotembea kwenda kwenye lori, kila mmoja alisogea. Kwa majuma matatu alikuwa mtu msafi kuliko wote mle ndani na mlango ulikuwa umefungwa. Sasa alinuka, na njia ilikuwa nyeupe.

*

Barabara ya Beni ilikuwa na vizuizi vitano. Kwenye kila kizuizi Amisi alitoa kichwa nje na kupaza sauti kabla hawajauliza.

"Niko na mutu wa damu ya uzazi huku nyuma! Anataka kushuka awasalimie!"

"Pita! Pita haraka!"

"Mais hamutaki kukagua mizigo?"

"Tumesema pita, kichwa ngumu!"

Kwenye mteremko wa Kabasha walinzi walikimbilia porini kabla lori halijasimama, na Amisi alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Nyuma, Lukumani hakucheka. Alilishika kopo kwa mikono miwili juu ya magoti. Mchana ule walikuwa wamesema uongo kwamba mtoto amezaliwa asubuhi. Sasa alikuwa anaomba kwamba awe bado.

Walifika jua likiwa bado juu ya michikichi. Wanawake walikuwa wamekaa mbele ya nyumba, na kutoka dirishani, nyuma ya pazia, alisikia pumzi za Nasiba. Alimjua kwa pumzi zile. Bado.

Hakuingia. Mwanamume haingii chumba kile, na yeye, mwenye majivu mpaka kwenye nyusi, asingeingia hata angeruhusiwa. Alisimama chini ya dirisha.

"Shangazi Sikitu. Ni miye, Lukumani."

Pazia lilifunguka kidogo. Uso wa Shangazi ulitokea, mnene, umelowa jasho, ukashtuka.

"Mungu wangu! Umetoka mu kaburi?"

"Shangazi, nakuomba. Mu kopo hii kuko wembe. Upikwe. Maji ikipiga mulio, unazungusha shanga mara tatu. Na uzi pia."

"Sasa je?" Macho ya Shangazi yalijibana. "Kisu yangu ina nini? Na kisu hii nilikata kitovu ya huyu bibi yako. Amekufa? Uko unasikia anapumua, ao hapana?"

"Si mukono yako, Shangazi. Mukono yako ni nzuri."

"Basi?"

"Ni chuma tu. Chuma haina kosa, na weye hauna kosa. Inataka moto tu." Sauti yake ilivunjika, na aliiacha ivunjike. "Leo nimeona mama moja anahesabu watoto wake wa siku ya saba. Alikuwa hajui, Shangazi. Hakuna aliyemwambia. Miye nilijua, na siku ile niliona haya, sikukuambia kitu. Kosa ni yangu. Nakuambia sasa."

Nyuma ya Shangazi, Nasiba alitoa mlio mrefu, kisha, katikati ya mlio, maneno.

"Shangazi! Kama hapana wembe ile, miye nabana! Sizai!"

"Utabana nini, mupumbavu weye, kichwa inaonekana!"

"Nabana!"

Wanawake wa nje walicheka licha ya hofu. Mkono wa Shangazi ulitoka dirishani, ukanyakua kopo, ukarudi. "Wazimu wawili wameoana," walimsikia akisema. "Weka maji motoni, weye. Ndiyo, sasa! Na sabuni!"

Lukumani aliketi chini, mgongo ukutani. Kupitia udongo wa ukuta alisikia vitu vitatu, na alivisikiliza vyote kama mtu anayesikiliza nyayo: mkewe, maji yaliyoanza kupiga kelele, na shanga zake katika vidole vya mwanamke aliyekasirika, zikigonga moja baada ya moja. Mtoto alilia kwenye mzunguko wa pili. Shangazi hakukata. Aliendelea kuzungusha mpaka wa tatu ukaisha.

Mtoto alikuwa mwanamke kweli, kama Amisi alivyodanganya. Ila hakuwa mnene.

*

Siku saba hawakutoka. Kulikuwa na milio ya bunduki upande wa kaskazini, Wasimba walipita mtaani mara mbili, na Lukumani alilala chini ya kitanda mchana, maana mtu aliyefukuzwa Butembo kwa uchafu angeweza kudaiwa kuivunja dawa huko Beni. Lakini hofu ya nje ilikuwa ndogo. Hofu kubwa ililala juu ya kitanda, imefungwa kitambaa cheupe. Kila mtoto aliponyonya, Nasiba alizuia pumzi. Kila alipoacha, wote wawili walitazama mdomo. Siku ya tano mtoto alilala muda mrefu na Nasiba alimwamsha kwa kumfinya, akatokwa machozi ya furaha aliposikia kilio chake cha hasira.

Siku ya saba hawakula. Jua lilipanda, likashuka. Mtoto alinyonya, akatapika, akanyonya tena.

Asubuhi ya siku ya nane Lukumani alikuwa amelala chini ya kitanda aliposikia mtu anapiga mlango. Hakutikisika. Nasiba alifungua kidogo.

Alikuwa Shangazi Sikitu, nguo amejifunga kiunoni kama mtu aendaye kazini. Hakusalimia sana. Aliinama juu ya mtoto, akamgusa kidevu kwa ncha ya kidole. Mdomo mdogo ulifunguka, ukakikamata kidole, ukaanza kukinyonya kwa nguvu. Shangazi hakukitoa. Alisimama hivyo kwa muda, ameinama, na mgongo wake mpana ukatikisika mara moja tu.

Kisha akajikohoza.

"Bibi ya Asumani ameshikwa na uchungu," alisema akitazama ukuta. "Nipe ile kitu yenu. Na shanga."

Mkono wa Lukumani ulitoka chini ya kitanda, umeshika kopo.